Picha ya Mwereka

Tarehe 3 Februari

Kwa kaka yangu,

Salamu zikufikie wewe, wifi na binti yenu. Mimi mzima, ukiacha bega la kulia lenye mambo yake, na magoti yanayoniuliza kila asubuhi tunakwenda wapi tena. Mvua huku imekataa kukatika. Nimesikia binti amefaulu mtihani wake wa uuguzi. Mwambie shangazi amefurahi, na mgonjwa wa kufanyia mazoezi ameshampata.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatuelewani. Nikikupigia kwa jambo zito unacheka, halafu unasema "haya, wifi yako huyu hapa," na wifi ananieleza habari za vitambaa. Barua huwezi kumpa wifi aijibu.

Jambo lenyewe ni hili. Gazeti limefunga chumba cha picha. Siku hizi wanachukua picha za mechi kutoka kwa yeyote aliyekuwa uwanjani na simu yake, na mhariri wa michezo wa sasa hajui hata mimi nilikuwa nakaa meza gani. Tuliagwa kwa soda na keki, kila mmoja akapewa saa ya ukutani. Saa, kaka! Mtu umemtoa kazini halafu unampa saa aione inavyokwenda.

Sasa amejitokeza mchapishaji, mama mmoja makini asiyependa maneno mengi. Amepitia masanduku yangu na anataka kutoa kitabu cha picha zangu za michezo, tangu mwanzo hadi mwisho. Nimechoka kiasi kwamba nilitaka kumkatalia. Nikafikiria: nikifa leo, kazi yangu yote ni magazeti ya kufungia sabuni dukani. Nakitaka kitabu hiki. Muda mrefu sijataka kitu namna hii.

Ila ana sharti. Kwenye jalada iwe ile picha, unaijua. Na kando yake anataka maneno yako mwenyewe, machache tu: ilikuwaje ukaanguka. Bila picha hiyo anasema kitabu hakitanunuliwa na yeye hatakitoa. Mimi nikamwambia bila ruhusa yako picha haitoki.

Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Mdogo wako


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa upande mmoja, kwa hiyo mvua yako nimeiamini. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu na anasema nisifiche: ni kweli nilimpa barua aijibu na ni kweli alinirushia. Binti anauliza hilo bega linauma ukiinua mkono au hata ukiwa umelala. Mjibu yeye, mimi najua mabega ya makochi tu.

Pole sana kwa kazi. Ningekuwa mimi ile saa ningeisahau pale pale kwenye keki.

Huku kazi ipo. Wiki hii nina kochi la meneja mmoja, paka wake amelichana mpaka mbao zinaonekana, na meneja anaapa ni wageni. Mgongo wangu nao umeanza siasa. Kutwa nimepiga magoti, nyundo mkononi, misumari mdomoni, anaingia mteja aliyesoma kibao cha nje, MWEREKA MAKOCHI NA VITI, anauliza jina hilo limetoka wapi. Namjibu, bwana, aliyewahi kuanguka ndiye anayejua raha ya kukaa. Anacheka, anaacha kiti. Utani huo nimeusema mpaka sina hamu nao. Lakini jina watu wameshanipa, nikilikataa watalipenda zaidi, basi nimelipaka rangi na kulitundika.

Unaikumbuka ile kampuni ya bima? Najua si wewe uliyewapa picha, ni wakubwa wako. Walinibandika kwenye ukuta wa kituo cha mabasi, mimi na mikono yangu chini, na juu wameandika MAISHA YANA MWEREKA WAKE. Nilisimama chini ya lile tangazo nikisubiri basi, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitambua. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimesimama.

Jambo lako nimelisoma. Kabla sijasema lolote, niambie: huyo mama atataka na habari za ulivyoanza? Utaanzia wapi kueleza? Niandikie hicho kwanza nikione.

Kaka yako


Tarehe 22 Machi

Kaka,

Salamu kwa wote. Bega linauma nikilala, mwambie binti, nami nimelikanda kwa maji ya moto. Nafuu kidogo. Nimeanza kupanga masanduku ya picha sebuleni na sasa sina mahali pa kukalia. Mwenye makochi ni wewe, mimi nakalia sanduku la ndondi.

Umeuliza nitaanzia wapi. Nitakuandikia kama nitakavyomwandikia yule mama.

Nilianza kwa kuosha mabeseni. Watu wanadhani nilizaliwa na kamera shingoni. Gazeti liliniajiri nisafishe chumba cha giza, kile chumba cha taa nyekundu ambamo picha zilitolewa kwenye dawa, na kwa mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji, kuanika picha kwenye kamba kama nguo za mtoto, na kunuka siki. Unakumbuka ulikuwa unakataa nikae karibu na wewe mezani. Kwa kuosha nikajifunza kutoa picha, na kwa kutoa picha za wengine nikajifunza makosa yao. Wote walikuwa wanachelewa. Wanaona goli, ndipo wanabonyeza, na mimi kwenye beseni naletewa mabeki wamejishika viuno.

Siku ya mashindano yale ya mbio mpiga picha wa michezo alivimba jino, shavu kama amebugia yai. Hakukuwa na mwingine. Nikamwambia mhariri nipe mimi, kaka yangu anakimbia. Hapana, sikusema hivyo. Nilisema nipe mimi, naijua kamera. Kwamba wewe ni kaka yangu nilimficha, maana angesema nitapiga picha zako tu. Na ni kweli ningepiga zako tu.

Uwanjani wapiga picha wanaume walikuwa wameshajazana kwenye mstari wa kumalizia, goti kwa goti. Mmoja akaniuliza, "Dada, bibi harusi yuko wapi?" Wakacheka. Hakuna aliyesogea. Nikazunguka na kamera ile nzito mpaka kona ya mwisho, peke yangu, mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyewahi kupata kitu. Kwa hiyo watu wanaposema nilikuwa na jicho la kuchagua mahali, wajue nilifukuzwa nikafika pale.

Na kuna jambo sijawahi kukueleza vizuri. Kamera zile zilikuwa na kioo ndani. Ukibonyeza, kioo kinaruka, na kwa kufumba na kufumbua huoni chochote, giza tupu. Sekunde unayoipata ndiyo usiyoiona. Ukiiona kwa macho yako, ujue imekupita. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na yale makubwa yote watu wanayoniuliza, uliona nini, uliona nini, sikuyaona. Wewe sikukuona ukianguka. Nilikuona jioni kwenye beseni, umeanza kutokea mikono kwanza, halafu mdomo, halafu macho, na miguu ya wengine inakupita kushoto na kulia. Nilishika ukingo wa beseni. Niliomba mhariri aikatae.

Alipiga kelele za furaha mpaka watu wa mitambo wakapanda juu. Akaandika mwenyewe chini yake, WAKIMBIAJI WAGONGANA KONA YA MWISHO, hali hakuwepo. Siku ile wewe ulikuwa umefungwa goti kama mzigo, na mimi nikawa mpiga picha.

Hapo ndipo nitakapoanzia, kwenye beseni. Yaliyotangulia siyasemi.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Kaka,

Salamu kwenu. Sijapata jibu, nikasema labda barua imepotea. Nilipiga simu, wifi akaniambia upo kazini, na nikisikiliza nyuma nasikia wewe unakohoa.

Mchapishaji amenipa hadi mwisho wa Juni. Sikulazimishi, lakini usininyamazie.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kikohozi ni vumbi la sponji, si ugonjwa. Binti ameanza mazoezi hospitalini na anarudi amechoka kuliko sisi wazee, anakula amefumba macho. Kochi la meneja limeisha. Paka ameshalianza upya.

Barua ilifika. Niliisoma kazini, nikaifunika chini ya kitambaa, nikaisoma tena. Umeandika vizuri. Sikujua habari ya kioo.

Sasa nisikilize. Weka picha nyingine. Una mabondia, una yule kipa, una wale waogeleaji. Kwa nini mimi? Watu wamenitazama nikiwa chini miaka yote hii. Mchungaji amenihubiri, mwalimu amenifundishia somo la uvumilivu, kampuni imeuzia bima. Kila mtu anajua nini kilinipata lakini hakuna aliyeuliza. Nimechoka, mdogo wangu. Si kwamba nina hasira, nimechoka tu, kama kiti kilichokaliwa na kila mgeni.

Na huyo mama kama ni lazima apate maneno, mpe haya: nilikanyagwa kisigino. Ndivyo nilivyosema siku ile na ndivyo nitakavyosema hadi kufa. Nilikanyagwa kisigino na mtu wa nyuma, nikaanguka, basi.

Kaka yako


Tarehe 11 Juni

Kaka yangu,

Nawasalimu nyote. Mvua imekatika, sasa ni jua, na mafundi wanachimba barabara chini ya dirisha langu. Bega ni lile lile.

Umenitajia kipa na mabondia, na nimekaa na picha zao wiki nzima. Unajua nimeona nini? Mimi nimechoka na picha hizi kama wewe ulivyochoka na yako. Yule kipa watu wanamwona anaruka kama hana uzito. Mimi nakumbuka nilikaa nyuma ya nyavu zake kipindi kizima na alikuwa ananisemesha. "Dada, mpira uko wapi? Dada, jua limenipiga, niambie uko upande gani." Kipa wa taifa zima! Nikimwambia kushoto anakwenda kushoto. Ile aliyoruka sikuwa nimesema kitu, nilikuwa nabonyeza.

Yule mnyanyua vyuma aliyelia, nilimpiga picha, akanifuata nje amevaa taulo akanishika mkono akaniomba nisiitoe. Sikuitoa. Mhariri hakusema na mimi mwezi mzima. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga na hakuna aliyeiona, na sasa pia haitaonekana. Na ile fainali ambayo goli la mwisho walilipata wote isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nabadilisha mkanda wa filamu, vidole vimelowa jasho, nasikia uwanja mzima unalipuka na mimi nimeinamia mapaja yangu. Wenzangu walinipa pole kama nimefiwa. Mpira ule ulioninyang'anya jino la mbele unaujua, maana wewe ulinitania mpaka nikaweka la bandia.

Nawaangalia hawa wote na naona siwapendi kama watu wanavyodhani. Nilikuwa nawahitaji. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kitu kimoja.

Basi. Nimemwandikia mchapishaji kwamba picha yako haitoki. Amenijibu kwa adabu kwamba basi tusitishe. Nimeyarudisha masanduku uvunguni. Usijisikie vibaya, hukukosea kukataa.

Lakini yale maneno ya kisigino sikumpelekea, na hata ungekubali picha nisingempelekea. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zote utazipata mwisho wa barua, leo nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Umesema nisikuulize, na mimi nimejiuliza mwenyewe mwezi mzima. Nimeharibu viti viwili, kimoja nimekivalisha kitambaa upande wa ndani nje. Wifi yako akasema, "Wewe mwanaume, huyo ni mdogo wako wa tumbo moja, kama kuna kitu kinakukaba kiteme." Sasa natema.

Sikukanyagwa na mtu.

Asubuhi ile tulikunywa chai mimi na wewe, umevaa suruali yangu ya zamani umeikunja miguu, kikombe kinagonga sahani. Ukaniambia mhariri hataki picha za migongo wala miguu, anataka uso, na ukirudi bila uso utarudi kwenye mabeseni. Hukuniomba kitu. Nataka ulijue hilo vizuri: hukuniomba. Ulikuwa unaongea kwa sababu ya woga. Mimi ndiye nilijiambia, huyu mtoto atapata uso.

Nilikutafuta mstari wa kumalizia kila mzunguko, sikukuona. Kengele ikapigwa, mzunguko wa mwisho. Ndipo nilipokuona kule kona, peke yako, umepiga goti moja na kofia imekuziba nusu ya uso. Kocha alikuwa ametufundisha, ukiwa kwenye kona macho mbele, hata nyumba ikiungua. Nikageuza kichwa. Nikakupa uso wote. Mguu ukapanda kile kizuizi cha ukingoni, na mengine umeyachapa wewe.

Nilisema kisigino kabla hata hawajaninyanyua. Nilifikiri kama ukijua, hutaifurahia kazi hata siku moja. Halafu ukawa mkubwa, ukapata tuzo kwa picha ile, ukasafiri, na kila mwaka uliopita ikawa ngumu zaidi kukwambia. Kwa hiyo nikawa nacheka kwenye simu. Si kwamba sikupenda uniulize. Nilikuwa naogopa sauti yangu.

Na nikuambie na hili, maana nimeshaanza. Kuna siku nilikuchukia. Si nyingi. Siku za baridi goti linapouma na redioni wanasoma jina lako. Ilikuwa inapita, nilikuwa nakwenda dukani nanunua gazeti naangalia picha yako, nasema angalau imelipa.

Usiache kitabu kwa ajili yangu. Mwite yule mama.

Wifi yako na binti wanakusalimu sana. Binti anasema uache kulalia bega la kulia.

Kaka yako


Tarehe 9 Agosti

Kaka yangu, kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, funguo bado zimo kwenye kitasa. Nimelia, na simaanishi machozi mawili matatu. Jirani amekuja kuuliza kama kuna msiba.

Nilikuwa najua.

Nimejua tangu jioni ile. Mkanda hauna picha moja, kaka. Kabla ya ile ya kuanguka kulikuwa na nyingine, nami niliitoa kwanza kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka. Umenigeukia. Unacheka. Unanitazama mimi, si kamera, mimi. Na hakuna mtu karibu yako, kwa hiyo uliposema kisigino nilijua unadanganya, na nilijua kwa ajili ya nani. Nilikata kile kipande cha mkanda nikakiweka kwenye bahasha, na bahasha nimehama nayo nyumba hadi nyumba. Hakuna mhariri aliyewahi kuiona. Nilidhani wewe hukutaka nijue, basi nikawa sijui. Nilijua namna ya kukuheshimu ni kunyamaza. Tazama tulivyoheshimiana mpaka tumezeeka.

Kama ulinichukia siku za baridi, ilikuwa haki yako. Mimi sikuwahi kushika kamera bila kukuona umegeuka. Ndiyo maana sikuchelewa kama wale wengine. Nilikuwa nabonyeza mapema siku zote, kila mchezaji niliona ataanguka.

Mchapishaji nimempigia. Nilimwonyesha hiyo picha ya kwanza, samahani, nilikuwa sijatulia. Akavua miwani, akasema hii ndiyo ya jalada, achana na ile nyingine. Anaitaka kwa mikono miwili. Kitabu kiko hai tena na safari hii mwenye neno ni wewe: iende ile ya kuanguka, au iende hii, au zote, au isiende yoyote. Nitakalolisikia kwako ndilo nitakalofanya, na sitalalamika.

Nimekutolea nakala kubwa, mwenyewe, kwa mikono yangu, katika bafu langu lililozibwa dirisha kwa blanketi. Bega limekufa kabisa. Imo kwenye bahasha hii, katikati ya makaratasi magumu. Usiikunje.

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Hatujambo, hatujambo kabisa, na bahasha imefika haijakunjwa, ingawa mtu wa posta alitaka kuipitisha kwenye tundu la mlango, nikamkimbilia. Ndiyo, nilikimbia. Wifi yako ni shahidi, na goti limenidai siku mbili.

Jibu langu hili hapa, na usilibishie. Jalada iwe ile ya kuanguka. Ile wameshaizoea, ni yao, sina tena cha kuitetea. Maneno yangu ya kuweka kando yake ni haya: Nilijikwaa mwenyewe, hakuna aliyenigusa. Mengine hayawahusu. Yule mama mwambie kwa adabu kwamba hii nyingine hatapewa, hata akivua miwani mara ngapi. Hii umeniletea mimi.

Kuhusu kujua na kunyamaza, mimi na wewe tuache kupimana. Wewe umechoka na mimi nimechoka, na kitabu kikitoka uje huku ukae. Nitakutengenezea kiti chenye mahali pa kuegemeza bega. Binti ameshakichora.

Nilikaa na ile bahasha mchana mzima sijaifungua. Nikaifungua kazini, mteja yupo, nikamwambia bwana nenda urudi kesho. Sikuwahi kujua nilikuwa na uso ule. Nyumbani nimeiweka mezani tukaitazama wote watatu. Wifi yako akasema, "Kumbe ulikuwa na meno yote." Binti ndiye aliyeishika muda mrefu. Yule mtoto amekua anaitwa mtoto wa Mwereka, na ile picha ya miguu ameiona ukutani, vitabuni, shuleni kwake, kila mahali baba yake yuko chini katikati ya kundi. Akawa anapitisha kidole nyuma yangu kwenye njia ile tupu, mpaka mwisho wa karatasi, akaniuliza wengine wako wapi.

Nikamwambia walikuwa bado hawajafika.

Akapitisha kidole tena. Akasema, "Baba, kwani ulikuwa umewaacha?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nilikuwa nimewaacha.

Kaka yako